Daraja lililong'oka mara tatu: uchambuzi wa udi mmoja wa Mji wa Kale, Mombasa

Udi, ile ala ya nyuzi ya Kiarabu, uliletwa mwezi wa Juni, kusi imeshika, umeviringishwa kwa leso. Daraja lake, kile kipande cha mbao cha kufungia nyuzi kinachobandikwa juu ya uso, yaani ubao wa mbele, lilikuja peke yake ndani ya bahasha ya kaki.

"Fundi, libandike tu," alisema mzee mwenye udi. "Mara hii tia gundi kali."

Gundi kali ilikuwa imekwisha kutiwa mara mbili. Mara ya kwanza daraja lilibandikwa kwa supagluu, likashika miezi minne. Mara ya pili likatiwa epoksi, ile ya mirija miwili, na juu yake skurubu mbili za milimita 3. Likashika karibu mwaka, halafu likang'oka na nyama ya uso. Chini ya daraja kulikuwa na utando wa mbao nyeupe, unene wa nusu milimita, umeng'ang'ania epoksi kama ukoko wa wali. Gundi ilifanya kazi yake barabara. Mbao ndiyo iliyokatika. Daraja likitoka hivyo, kutafuta gundi kali zaidi ni kutafuta jeraha kubwa zaidi. La kuuliza ni mvuto huo umetoka wapi, na ni kitu gani ndani ya udi kilichoacha kuuzuia.

Ulikuwa udi wa Kiarabu wa kawaida, ulionunuliwa Cairo. Mgongo wa mbavu 21 za mjozi. Uso wa sprusi usio na vanishi, upana wa sentimita 36 na unene wa milimita 1.8, nyuzi 11, yaani jozi tano na uzi mmoja mnene wa chini. Urefu wa uzi, kutoka kizingiti (kile kijiti chenye mifereji ya nyuzi mwishoni mwa shingo) hadi daraja, sentimita 61.2. Ndani ya uso mna vijiti vinane vilivyobandikwa kukingama mishipa ya mbao. Tutaviita mataruma, maana kazi yake ni ile ile ya mataruma ya jahazi: ubao mwembamba usikunjike.

Vipimo kabla ya patasi

Kosa la mafundi wawili waliotangulia, kama lilikuwa kosa, ni kwamba walitazama daraja pekee. Udi una hesabu yake, na hesabu hiyo huchukuliwa ukiwa bado mzima, kabla hakijakwaruzwa kitu.

Rula ya chuma ililazwa juu ya uso kwa urefu, kupitia pale daraja lilipokuwa. Mbele ya daraja, upande wa matundu ya sauti, uso ulikuwa umezama milimita 2.5. Nyuma ya daraja ulikuwa umevimba milimita 3. Udi wowote uliopigwa miaka hujikunja kidogo hivyo, na milimita moja haimtishi mtu. Hapa jumla ilikuwa 5.5 na nyuzi hazipo kabisa, maana yake mbao ilikwisha kuzoea umbo hilo.

Kisha shingo. Rula ndefu ilishikizwa juu ya uso wa shingo ikielekezwa darajani. Kizingiti kilikuwa kimenyanyuka milimita 3 kupita mahali pake. Kizingiti kikinyanyuka hivyo, nyuzi hupanda juu ya kiungo cha shingo kwa theluthi mbili ya kiasi hicho, kwa sababu kiungo cha udi kiko theluthi mbili ya njia ukihesabu kutoka daraja. Kwa hiyo milimita 2 za ugumu aliokuwa akilalamikia mpigaji zilitoka shingoni. Kwa maelezo yake, nyuzi zilikuwa "mbali kama waya za stima", na alama zilizobaki kwenye daraja zilionyesha kimo cha karibu milimita 6 pale kiungoni. Inayofaa ni 3 hadi 3.5.

Kugonga ndiko kulikotoa jibu. Uso ukigongwa kwa ncha ya kidole kutoka chini kwenda juu, sauti hupanda na kushuka taratibu. Sentimita 4 mbele ya daraja, upande wa nyuzi nene, sauti ilikufa ghafla na nyuma yake ikaja mkwaruzo mdogo, kama karatasi iliyonaswa mlangoni. Ua kubwa la katikati, yaani pambo linaloziba tundu la sauti, likatolewa (lilikuwa limebandikwa kwa vitone vinne tu), kikaingizwa kioo cha daktari wa meno na balbu ndogo. Taruma lililo mbele ya daraja lilikuwa limeachana na uso kwa urefu wa sentimita 9. Karatasi ilipita chini yake bila kuguswa na chochote. Taruma la nyuma ya daraja nalo lilikuwa limeachia ncha moja, na katikati lina ufa.

Kuna jambo moja lililoonekana kwenye kioo ambalo lingeweza kupita bila kutiliwa maanani. Pengo la taruma lilikuwa limejaa vumbi jeusi, na gundi ya zamani imekatika safi, inang'aa kama kioo kilichopasuka. Jeraha la chini ya daraja lilikuwa jeupe, halina vumbi. Taruma, basi, lilitangulia kuachia, tena kwa muda mrefu. Daraja ni la juzi.

Nyuzi za gitaa

Mzee alishikilia kwamba udi haujawahi kuwekwa ila nyuzi za nailoni. Kizingiti chake kilisema vingine. Kilikuwa cha mfupa, na mifereji ya jozi mbili za juu ilikuwa myembamba na mirefu kwenda chini, imekatwa kama kwa msumeno wa chuma. Nailoni husugua mfereji mpana wenye kitako cha mviringo. Na matundu ya daraja yalikuwa na mistari iliyozama ndani ya mbao upande wa mbele.

Kijana aliyebeba udi ndiye aliyekata shauri. "Ami, zile za gitaa n'lizitia mimi. Ile arusi ya Kisauni, kinanda cha umeme kilitufunika, udi hausikiki."

Ulikaa na nyuzi hizo miezi sita hivi, kisha nailoni ikarudishwa bila mtu kutaja lolote.

Kwa nini nyuzi za chuma ni balaa kwenye udi? Hesabu yake si ngumu. Zidisha urefu wa uzi kwa mita, mara mitetemo yake kwa sekunde, mara 2. Jibu lizidishe kwa lenyewe, kisha zidisha kwa uzito wa mita moja ya uzi kwa kilo. Gawanya kwa 9.8 upate mvuto kwa kilo. Uzi wa juu kabisa wa udi, unaolia noti ya do, hutetema mara 261.6. Nailoni ya milimita 0.60 ina uzito wa gramu 0.32 kwa mita, na mvuto wake unatoka kilo 3.4. Waya wa chuma wa milimita 0.28 una gramu 0.48, na mvuto wake ni kilo 5. Mwembamba zaidi kwa macho, mzito zaidi kwa daraja. Nyuzi nene za gitaa la chuma ndizo mbaya hasa, maana zimezungushiwa shaba juu ya kiini cha chuma, na nyingi hupita kilo 6.5 kila mmoja zikikazwa kwa mlio wa udi. Jumla ya nyuzi 11 ilikuwa inakaribia kilo 70. Udi hutengenezwa kwa kilo 35 hadi 40.

Nguvu hiyo hailivuti daraja mbele tu. Nyuzi hufungwa karibu milimita 9 juu ya uso, kwa hiyo daraja hutaka kupinduka kifudifudi: ukingo wa mbele unakandamiza chini, ukingo wa nyuma unanyanyuka. Ndiyo maana uso huzama mbele na kuvimba nyuma, na ndiyo maana daraja huanza kuachia kwa nyuma siku zote. Supagluu ni ngumu na haina mnyumbuko; ikinyanyuliwa ukingo hupasuka mfululizo. Epoksi haikupasuka, ikaondoka na mbao. Skurubu nazo zilipenya uso wa milimita 1.8 ambao hauna cha kushika, zikaacha matundu mawili na nyufa mbili.

Kiyoyozi, kusi na buti la gari

Hata hivyo nyuzi za chuma hazikuanzisha ugonjwa. Ziliukuta.

Mombasa hewa huwa na unyevu wa asilimia 75 hadi 80 siku nyingi za mwaka, na wakati wa masika hupita hapo. Mbao iliyokaa katika asilimia 80 hushika maji ya kama asilimia 16 ya uzito wake mkavu. Mbao hiyo hiyo ikiwekwa chumba chenye kiyoyozi, unyevu wa hewa ukashuka hadi 50, hurudi kwenye 9. Udi huu ulitoka mji mkavu, ukaja pwani, ukawa unalala sebuleni Nyali penye kiyoyozi, na kila Alhamisi unavuka daraja la Nyali kuja kupigwa barazani Kibokoni, madirisha wazi, hadi usiku wa manane.

Sprusi iliyopasuliwa vizuri hupanuka kukingama mishipa yake kwa takriban asilimia 0.15 kwa kila asilimia moja ya maji inayoongezeka. Kwa upana wa milimita 360 na tofauti ya maji ya 7, uso unataka kupanuka milimita 3.8. Usiku mmoja hautoshi kufikisha mbao huko, lakini msimu mzima unatosha. Taruma, ambalo mishipa yake inaelekea upande huo huo wa upana, kwa urefu wake halipanuki kwa kiasi cha kuhesabika. Basi kila unyevu ukipanda uso unalisukuma taruma, ukishuka unalivuta, na mpaka wa ugomvi ni utando mmoja wa gundi. Ongeza buti la gari lililoegeshwa juani, kwenye foleni ya feri ya Likoni kwa mfano, ambako joto laweza kufika sentigredi 60, na gundi ya ngozi, ile inayopikwa kwa ngozi za wanyama, ambayo tayari imekunywa unyevu hulainika kabla ya hapo. Taruma huachia nchani kwanza. Hakuna anayesikia.

Gambusi lina heri katika hili. Uso wake ni ngozi ya mbuzi, na kusi ikiingia ngozi inalegea, mlio unaporomoka, kila mtu aliyepo barazani anajua. Udi wa uso wa mbao huficha.

Kufungua au kutofungua

Njia tatu zilikuwepo. Kubandika daraja na kuweka nyuzi nyepesi: kazi ya siku mbili, na uso wenye mataruma mawili mabovu ungeendelea kukunjika. Kupitia tundu la ua: kipenyo chake sentimita 9, taruma liko sentimita 20 ndani, mkono haufiki, na kijiti chenye gundi kinachopapasa gizani huacha gundi kila mahali isipokuwa panapotakiwa. Ya tatu ni kuutoa uso wote. Mafundi wengi huiogopa, na wana haki kuiogopa, lakini hapa ndiyo iliyokuwa fupi.

Jambo la kwanza lilikuwa kalibu. Mgongo wa udi ni ganda la milimita 2 na ushei tu. Uso ukitoka, ganda hujifunga au hujifungua, na ukirudisha uso hautoshei. Kabla ya kisu kuguswa, umbo la udi lilichorwa juu ya plaiwudi ya milimita 18, likakatwa, na udi ukakaa ndani ya tundu hilo hadi ukingoni, umeshikwa kwa vipande vya mpira.

Kisu ni bapa la chuma lisilo na makali, milimita 0.5, lililopashwa moto kwa pasi hadi tone la maji lichemke juu yake. Kazi ilianzia kitakoni, chini ya daraja, penye mbao nyingi ya kushikia. Moto unalainisha gundi. Spiriti kidogo kwa brashi nyembamba inaikausha na kuifanya ikatike. Unakwenda sentimita 2, unapasha tena, unakwenda 2. Fuata mteremko wa mishipa ya mbao: ukiona kisu kinazama ndani ya uso, geuka uanzie upande wa pili. Ilichukua saa tano. Karibu na shingo, pale ulimi wa uso unapoingia juu ya shingo, kisu kilisukumwa kabla hakijashika moto sawasawa na kikapandisha kibanzi cha sentimita 4. Kibanzi kilirudishwa papo hapo kwa gundi na kikabanwa. Kovu lake linaonekana ukilijua.

Uso ulipotoka, kiungo cha shingo kilikaguliwa. Kilikuwa kizima, hakina mwanya. Shingo haikuwa imelegea: mgongo mzima ulikuwa umejikunja kufuata uso. Ulipobanwa kwenye kalibu na upana wake kurudishwa, kizingiti kilishuka milimita 2 chenyewe. Laiti shingo ingekatwa na kupachikwa upya kwa pembe nyingine, kama ilivyokuwa imependekezwa kwa mzee mahali pengine, udi huu ungekuwa umeharibiwa ukiwa mzima.

Mataruma, gundi, na feni

Uso ulikuwa umezoea kupinda. Upande uliozama ulipanguswa kwa kitambaa kibichi, sio cha kudondosha maji, ukalazwa juu ya ubao ulionyooka na kuwekewa mifuko ya mchanga siku mbili. Ulirudi hadi kasoro ya milimita 0.7.

Taruma la mbele lilikuwa zima. Lilitolewa, gundi ya zamani ikaoshwa kwa maji ya vuguvugu na mswaki. Lenye ufa lilitupwa. Jipya lilitoka kwenye mbavu za nyuma za piano mbovu, sprusi kavu ya miaka mingi (piano hufa haraka pwani, na mbao zake ni hazina). Lilipasuliwa kwa patasi badala ya kukatwa kwa msumeno, ili mpasuko wenyewe ufuate mishipa kutoka ncha hadi ncha. Upana milimita 6, kimo 16 katikati, ncha zikichongwa hadi 7. Anayekosa sprusi anaweza kutumia saiprasi ya maduka ya mbao, mradi achague kipande kisicho na fundo na mishipa yake iwe wima; ni nzito kidogo, kwa hiyo kimo kipunguzwe hadi 15.

Matundu ya skurubu yalizibwa kwa vigingi vidogo vya sprusi, mishipa yake ikilingana na ya uso. Kigingi cha kawaida cha seremala huonyesha uso wake wa kukatika juu, na huo haushiki gundi ipasavyo. Pale nyama ilipong'oka pakasawazishwa na kupachikwa kiraka cha mbao hiyo hiyo, kikakwanguliwa hadi kifanane na uso. Haikuongezwa sahani ya mbao chini ya daraja kwa ndani, ingawa wapo wanaoiweka. Uso wa udi hupumua kati ya mataruma, na sahani pale ni kama kumwekea mwimbaji kitambaa mdomoni.

Gundi ni ya ngozi, ya chembechembe. Gramu 10 za chembe kwa gramu 18 za maji baridi, zinalowekwa saa mbili hadi zivimbe kama ubuyu uliorowa, kisha kopo linatiwa ndani ya sufuria ya maji moto. Kipimajoto kisome 60. Ikipita 65 kwa muda nguvu inapungua. Ikichukuliwa kwa kidole na kidole kingine kikagusa, baada ya sekunde chache ivute nyuzi za utando. Inayobaki hukaa siku tatu kwenye friji. Nje ya friji, kwa joto la Mombasa, kesho yake mwenye nyumba ataijua kwa harufu.

Wapo wanaouliza kwa nini isitumike gundi nyeupe ya seremala, ambayo haiogopi unyevu wa hewa. Inashika vizuri sana kwenye meza. Kwenye daraja linalovutwa mchana na usiku hutambaa: baada ya miezi daraja limesogea milimita moja au mbili bila kung'oka, na udi hautaki tena kukaa katika mlio. Na atakayeufungua udi huo baadaye atalia.

Kabla ya kubandika chochote, uso na mgongo viliwekwa siku nne ndani ya kabati lenye balbu ya wati 40, unyevu ukishikiliwa kwenye asilimia 60. Uamuzi huo una sababu. Ukiufunga udi katika 80, uso utapasuka siku utakapokutana na kiyoyozi. Ukiufunga katika 45, kama wafanyavyo watengenezaji wa nchi kavu, utavimba masika ya kwanza. Kipimaunyevu cha bei nafuu hudanganya, kwa hiyo kilipimwa kwa chumvi: kijiko cha chumvi ya mezani, matone ya maji hadi iwe uji mzito, vyote na kipimo ndani ya kopo lililofungwa usiku kucha. Hewa ya humo ni asilimia 75. Kipimo kilisoma 68. Tangu hapo kila kilichosomwa kiliongezwa 7.

Mataruma yalibandikwa kwa fito. Hizi ni fito za kweli, zile za kujengea kuta za udongo, zilizokatwa ndefu kidogo kuliko nafasi kati ya meza na rafu ya juu. Ukizipinda na kuzisimamisha zinasukuma kwa mnyumbuko wake, na unaweza kupanga kumi juu ya taruma moja ambapo klampu tatu hazingeenea. Uso ulirudishwa mgongoni kwa namna nyingine: gundi ilipakwa ukingo mzima, ikaachwa ishike, kisha ikaamshwa kipande kwa kipande kwa kitambaa kibichi na pasi, kila kipande kikifungwa kwa utepe wa tyubu ya baiskeli.

Daraja likaja mwisho, na ndipo kazi ilipoteleza. Mara ya kwanza lilibandikwa adhuhuri na feni ya dari inazunguka. Gundi ya ngozi haigandi kwa kukauka, inaganda kwa kupoa, na upepo wa feni uliipoza kabla fito ya pili haijasimama. Daraja lilionekana limeshika. Ukingo wa nyuma ulipoguswa kwa wembe, wembe ukaingia. Likatolewa kwa maji ya moto, pakaoshwa, pakaachwa siku mbili. Mara ya pili feni ilizimwa, daraja likapashwa kwa pasi hadi liwe moto mkononi, fito saba zikiwa zimepangwa tayari kwa majaribio bila gundi. Kuanzia brashi kugusa hadi fito ya mwisho, sekunde 40. Likaachwa saa 48.

Daraja lenyewe ni jipya, la mkangazi. Mzee alitaka mpingo, kwa heshima. Mpingo ni mbao ya vigingi vya kukazia na ya uso wa shingo, panaposuguliwa. Kwenye daraja uzito wake unazima uso, maana mbao hiyo huzama majini. Mahali pa daraja palitafutwa kwa shingo: kutoka kizingiti hadi kiungo ni sentimita 20.4, na urefu wa uzi ni mara tatu ya hiyo. Uzi ukibanwa kiungoni utoe sauti ya tano, do itoe sol. Ikikosea hapo, mpigaji atatafuta kidole chake maisha yote.

Nyuzi na mwezi wa kwanza

Seti za udi hazipatikani kila siku mjini. Jozi mbili za juu zilitiwa mshipi wa kuvulia, nailoni tupu ya milimita 0.60 kwa do na 0.80 kwa sol. Kwa re, nailoni ya tatu ya gitaa la nailoni. Kwa la, fa na do ya chini, nyuzi nene za gitaa hilo hilo kwa kuzishusha nafasi moja: ya nne ikae kwenye la, ya tano kwenye fa, ya sita kwenye do. Zikiwekwa kwa mlio wake wa gitaa zina kilo 7. Zikishushwa hivyo zinakuwa 3.5 hadi 3.9. Jumla inatoka kilo 37. Jozi ya re inalia uziwi kidogo, na anayetaka zaidi aagize ya udi.

Nyuzi zilikazwa nusu ya mlio siku mbili, kisha zikapandishwa. Uvimbe nyuma ya daraja ulisoma milimita 0.6 siku ya kwanza, 0.9 baada ya wiki, na 0.9 siku ya 30. Kimo cha nyuzi kiungoni: 3.2. Kwa penseli, ndani ya uso, upande unaoonekana kwa kioo kupitia tundu la ua, pameandikwa tarehe, gundi iliyotumika na vipenyo vya nyuzi.

Ilibaki arusi. Kijana alikuwa na hoja: kinanda cha umeme bado kipo, na udi wa kilo 37 hautakishinda kwa kifua. Kikanunuliwa kinasa sauti cha kubandika, cha kupeleka mlio kwenye spika, kile chembamba kama shilingi, kikawekwa kwa nta ndani ya uso nyuma ya daraja upande wa nyuzi nyembamba, waya ukitokea kwenye tundu dogo. Kikibandikwa upande wa nyuzi nene kinavuma spika zikiwa karibu. Nyumbani Nyali udi sasa unatundikwa ukuta wa ukumbi wa nje, mbali na kiyoyozi, na mzee anauleta kupimwa kwa rula kila kaskazi inapoingia.